Vitatuzi vya Zege: Jinsi Kompyuta Inavyoufuata Ufa

Kila uigaji wa zege kwenye kompyuta, uwe wa boriti ya ghorofa au wa ukuta wa bwawa, huishia kwenye kazi moja: kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Boriti hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo elementi. Vipande hivyo huungana kwenye nodi, na kila nodi inaweza kusogea kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Misogeo hiyo ndiyo inayotafutwa. Ukakamavu wa zege na mzigo uliowekwa hujulikana tangu mwanzo. Sharti ni kwamba kani zote zilingane kwenye kila nodi. Sharti hilo likiandikwa kwa nodi zote, hupatikana jedwali kubwa la namba liitwalo matriksi. Sehemu ya programu inayolipokea jedwali hilo na kurudisha misogeo ndiyo kitatuzi.

Watumiaji wengi hawakijui kitatuzi wanachokitumia, kwa kuwa programu huwachagulia. Kwa kazi za chuma mazoea hayo huwa na hatari ndogo, maana chuma hurefuka kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Zege ni kitu kingine kabisa. Nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kustahimili kubanwa, na likishapasuka uwezo wake hushuka badala ya kupanda. Ndani yake mna kokoto, mchanga, saruji iliyoganda, vitundu vya hewa na nondo, kila kimoja na ukakamavu wake. Kila mojawapo ya tabia hizo humsumbua mkokotoaji kwa namna yake, na ndiyo sababu kitatuzi kinachosifiwa kwa kazi moja ya zege huweza kukwama kabisa kwa nyingine.

Ukubwa wa hesabu yenyewe unastahili kutazamwa kwanza. Mchemraba uliogawanywa vipande 100 kila upande una nodi 1,030,301 na misogeo 3,090,903 ya kutafutwa. Matriksi yake ikihifadhiwa nzima, kila nafasi ikiwa na namba yake, ingehitaji takriban terabaiti 76 za kumbukumbu. Kinachookoa ni kwamba nodi huhusiana na majirani zake tu. Katika kila mstari wa matriksi hiyo, namba zisizo sifuri hazizidi 81, na zote pamoja huingia katika gigabaiti chache. Historia ya vitatuzi kwa sehemu kubwa ni historia ya kuzitumia sifuri hizo vizuri.

Zege liliingia katika historia hiyo mapema. Ray Clough, aliyeibunia njia ya elementi jina mwaka 1960, aliitumia miaka miwili baadaye pamoja na Edward Wilson kuchunguza bwawa la Norfork huko Arkansas, Marekani, ambalo ukuta wake wa zege ulikuwa na ufa mkubwa. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, kwa hiyo programu za mwanzo za aina hiyo zilikisia jibu kisha zikalirekebisha nodi moja baada ya nyingine, kwa mbinu ya Gauss na Seidel. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini ilikuwa ndiyo pekee iliyoweza kuingia katika mashine.

Kuondoa au kukaribia

Vitatuzi vya milinganyo ya mstari vimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa moja kwa moja: msogeo mmoja huondolewa katika milinganyo yote mingine, halafu wa pili, wa tatu, mpaka ubaki mmoja, kisha majibu hurudishwa kinyumenyume. Mbinu hii hujulikana kwa jina la Gauss. Kwa matriksi zenye ulinganifu na zisizo na ukakamavu hasi, kama zilivyo nyingi za zege ambalo halijapasuka, hutumika namna fupi iliyobuniwa na André-Louis Cholesky, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyeihitaji kwa hesabu za upimaji wa ardhi. Cholesky aliuawa vitani mwaka 1918, na mbinu yake ilichapishwa na ofisa mwenzake mwaka 1924.

Tatizo la ukoo huu ni kujaa. Kila msogeo unapoondolewa, nafasi zilizokuwa sifuri hupata namba, na matriksi iliyokuwa nyepesi hunenepa. Mwaka 1970 Bruce Irons alionyesha jinsi ya kuunganisha elementi na kuondoa misogeo kwa wakati huohuo, ili sehemu ndogo tu ya matriksi iwe ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1973 Alan George alionyesha kwamba wavu wa elementi ukikatwa katikati, kisha kila nusu ikakatwa tena, na mpangilio wa kuondoa ukafuata mikato hiyo, kujaa hupungua sana. Vitatuzi vya leo kama MUMPS, PARDISO na UMFPACK ni warithi wa mawazo hayo.

Ukoo wa pili huanza na kisio. Kisio hicho huingizwa katika milinganyo, kani zilizobaki bila kulingana, yaani masalio, hupimwa, kisha kisio hurekebishwa, na kazi hurudiwa mpaka masalio yawe madogo ya kutosha. Mbinu mashuhuri kuliko zote hapa ni gradienti konjugeti, iliyochapishwa mwaka 1952 na Magnus Hestenes na Eduard Stiefel katika jarida la Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kuigeuza matriksi. Inahitaji tu kuizidisha na safu ya namba, tena na tena. Sifuri hubaki sifuri, na hakuna kinachojaa.

Tofauti kati ya koo hizi huonekana wavu unapofanywa mwembamba zaidi. Tuseme elementi za mchemraba zimepunguzwa upana kwa nusu. Misogeo inayotafutwa huongezeka mara 8. Kitatuzi cha moja kwa moja, hata kikiwa na mpangilio bora, huhitaji kazi mara 64 na kumbukumbu mara 16. Gradienti konjugeti isiyosaidiwa na chochote huhitaji kazi mara 16 na kumbukumbu mara 8. Mbinu ya nyavu tabaka, ambayo hutatua makosa makubwa kwenye wavu mpana na makosa madogo kwenye wavu mwembamba, hukaribia mara 8 tu. Kazi iliyochukua dakika 10 kwa kitatuzi cha moja kwa moja inaweza basi kuchukua zaidi ya saa 10.

Lakini hesabu hiyo ni ya vitu vyenye unene. Kwa ukuta au slabu inayochorwa kama bapa, misogeo huongezeka mara 4, na kazi ya kitatuzi cha moja kwa moja huongezeka mara 8, sawasawa na gradienti konjugeti isiyosaidiwa. Hapo hakuna sababu ya msingi ya kukikimbia kitatuzi cha moja kwa moja, hasa kwa kuwa kikishaondoa misogeo, yaani kuigawanya matriksi, mara moja, hali nyingine za mzigo hupatikana kwa gharama ndogo. Jengo lenye hali 30 za mzigo wa upepo, watu na tetemeko linafaidika sana na jambo hilo. Wanaosema mbinu za kukaribia zimezishinda zile za moja kwa moja huwa wanafikiria miili minene tu.

Gradienti konjugeti nayo ina udhaifu wake. Idadi ya marudio hutegemea tofauti kati ya sehemu kakamavu kuliko zote na sehemu laini kuliko zote katika mfano. Nondo yenye ukakamavu wa takriban gigapaskali 200 ndani ya zege la gigapaskali 30 haileti shida kubwa, maana tofauti ni kama mara saba. Shida hutokea pale elementi zilizopasuka zinapobakiziwa ukakamavu unaokaribia sifuri, huku viungo kati ya nondo na zege vikipewa ukakamavu mkubwa wa kubuni ili visiachane. Tofauti hapo hufika mara mamilioni, na marudio huongezeka bila kiasi. Dawa ni kuitayarisha matriksi kabla ya kuanza. Mwaka 1977 Meijerink na van der Vorst walipendekeza kutumia mgawanyo wa Cholesky usiokamilika, unaokataa kujaa kwa makusudi, kama mwongozo wa marekebisho. Tangu hapo swali la maana limekuwa ni kitayarishi gani kinachoambatana na mbinu, kuliko jina la mbinu yenyewe.

Ndani ya zege

Kuna uigaji usiotazama boriti nzima, bali kipande cha zege chenye upana wa sentimita chache au cha saruji chenye upana wa sehemu ya milimita. Picha za eksirei za matabaka huonyesha kokoto, vitundu na saruji, na kila nukta ya picha, iitwayo vokseli, hugeuzwa kuwa elementi. Hapa ndipo koo za vitatuzi zimelinganishwa kwa umakini mkubwa, kwa sababu vokseli hufika mamilioni haraka na mbinu za moja kwa moja huishiwa kumbukumbu mapema.

Taasisi ileile iliyochapisha gradienti konjugeti mwaka 1952, ambayo sasa huitwa NIST, ilikuja kuwa kitovu cha kazi hii. Edward Garboczi alitoa mwaka 1998 mkusanyiko wa programu za kukokotoa ukakamavu na upitishaji umeme wa vitu vya nasibu kutoka kwenye picha za kidijitali, na moyo wa programu hizo za elementi ni gradienti konjugeti. Vokseli zote zina umbo moja, kwa hiyo matriksi haihitaji kuhifadhiwa. Ukakamavu wa kila aina ya kitu huandikwa mara moja na kutumiwa popote kitu hicho kilipo.

Wakati huohuo, huko Marseille, Hervé Moulinec na Pierre Suquet walikuwa wameleta njia nyingine, kwanza mwaka 1994 na kwa ukamilifu mwaka 1998. Wao waliweka pembeni suala la matriksi. Waliilinganisha nyenzo halisi na nyenzo ya kufikirika yenye ukakamavu uleule kila mahali. Kwa nyenzo hiyo ya kufikirika jibu hujulikana kwa fomula, mradi picha ibadilishwe kuwa mawimbi kwa hesabu ya Fourier. Tofauti kati ya nyenzo mbili hurekebishwa kwa marudio. Kompyuta huibadilisha picha kuwa mawimbi na kuirudisha kwa kasi kubwa, na kwa hiyo kila rudio ni rahisi.

Kwa kokoto na saruji peke yake, mbinu hiyo ni nzuri mno. Kokoto ni kakamavu kuliko saruji iliyoganda kwa mara tatu au nne hivi, na marudio machache hutosha. Vitundu vya hewa ndivyo vinavyoharibu mambo. Katika mbinu ya asili ya Moulinec na Suquet, idadi ya marudio hukua sambamba na tofauti ya ukakamavu, na kitundu chenye ukakamavu sifuri huifanya tofauti hiyo isiwe na mwisho. Mbinu huendelea kurudia bila kutulia. David Eyre na Graeme Milton walitoa marekebisho mwaka 1999 ambayo hufanya marudio yafuate kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Mwaka 2010 Jan Zeman na wenzake wa Prague walionyesha kwamba hesabu ya Fourier ikikabidhiwa kwa gradienti konjugeti, nafuu hiyohiyo hupatikana bila kuhangaika na kuchagua ukakamavu wa nyenzo ya kufikirika. Vitundu vyenyewe vilidhibitiwa zaidi baada ya François Willot, mwaka 2015, kubadilisha namna ya kupima kurefuka kati ya nukta jirani, jambo ambalo pia liliondoa mawimbi ya uongo yaliyokuwa yakionekana pembezoni mwa kokoto.

Kilichotokea hapa ni kwamba njia mbili zilizoonekana kuwa mahasimu, elementi za Garboczi na mawimbi ya Moulinec na Suquet, zilikutana kwenye kitatuzi kimoja cha mwaka 1952. Ushindani uliobaki ni mdogo. Picha yenye umbo la mchemraba na kingo zinazojirudia inafaa zaidi kwa mawimbi. Sampuli iliyokatwa kwa msumeno na kubanwa kwenye mashine, yenye kingo huru, inafaa zaidi kwa elementi.

Ufa unapoanza

Yaliyoelezwa mpaka hapa yanadhani kwamba ukakamavu wa zege haubadiliki. Ukweli ni kwamba hubadilika mara tu ufa wa kwanza unapotokea, na hapo kitatuzi cha mstari huwa kipande tu cha mashine kubwa zaidi. Mzigo huongezwa kidogokidogo. Katika kila hatua ukakamavu hukadiriwa, milinganyo hutatuliwa, nyufa hukaguliwa, kani hulinganishwa, na kama hazilingani kazi hurudiwa.

Mbinu ya Newton na Raphson ndiyo kipimo cha nyingine zote. Hukokotoa upya matriksi katika kila rudio kwa kufuata mteremko wa wakati huo, na ikishakaribia jibu idadi ya tarakimu sahihi huongezeka maradufu kila rudio. Mbinu ya Newton iliyorahisishwa hushikilia matriksi ya zamani kwa marudio mengi. Kila rudio lake ni rahisi, maana mgawanyo uliokwisha fanywa hutumiwa tena, ila marudio huwa mengi. Kati yao kuna mbinu za jamii ya BFGS, zinazoirekebisha matriksi ya zamani kwa kujifunza kutoka kwenye misogeo iliyopita. Kwa zege lililobanwa bila kupasuka, Newton kamili hushinda bila ubishi. Kwa zege linalopasuka kwa kuvutwa, ushindi huo hauna hakika, kwa sababu mteremko wenyewe hugeuka.

Mgeuko huo ndio kiini cha ugumu wa zege. Mwaka 1976, huko Lund nchini Sweden, Arne Hillerborg na wenzake walieleza kwamba ufa wa zege hauachani ghafla: kingo zake huendelea kushikana kwa kani inayopungua kadiri ufa unavyofunguka. Kufungua mita moja ya mraba ya ufa hula nishati ndogo, ya kiasi cha jouli 100 hivi kwa zege la kawaida. Kwa kitatuzi, kani inayopungua huku msogeo ukiongezeka ina maana ya ukakamavu hasi. Matriksi hupoteza sifa ya kutokuwa na ukakamavu hasi, ambayo Cholesky na gradienti konjugeti huitegemea. Cholesky hukutana na kipeuo cha pili cha namba hasi na kusimama. Gradienti konjugeti yaweza kuendelea bila kuonya na kwenda mahali pasipofaa. Vitatuzi vinavyovumilia matriksi kama hiyo vipo: MINRES ya Paige na Saunders ya mwaka 1975, na GMRES ya Saad na Schultz ya mwaka 1986, ambayo huvumilia hata matriksi zisizo na ulinganifu lakini hula kumbukumbu zaidi kila inaporudia.

Hapa kitatuzi cha moja kwa moja kina fadhila isiyotajwa vya kutosha. Mgawanyo wake huacha safu ya namba kwenye ulalo, na idadi ya namba hasi katika safu hiyo huonyesha idadi ya njia ambazo muundo unaweza kuanguka bila kuongezewa mzigo. Mkokotoaji anapoiona namba hasi ya kwanza, anajua kilele kimepitwa. Akiona mbili, anajua kuna njia panda na kwamba ufa unaweza kufuata zaidi ya njia moja. Mbinu za kukaribia hazitoi taarifa hiyo kwa urahisi. Kwa uchunguzi wa namna zege linavyovunjika, habari hiyo ina thamani kuliko dakika zilizookolewa.

Halafu kuna suala la kuongoza mzigo. Mzigo ukiongezwa kwa nguvu, hesabu huvunjika kwenye kilele, maana hakuna jibu lenye mzigo mkubwa zaidi. Ukiongezwa kwa msogeo, kilele hupitwa, ila boriti ndefu huleta shida mpya: nishati iliyohifadhiwa katika urefu wake ni kubwa kuliko ile inayoweza kuliwa na ufa, na mchoro wa mzigo na msogeo hurudi nyuma. Eduard Riks, katika miaka ya 1970, alipendekeza kuongoza kwa urefu wa tao kwenye mchoro wenyewe, ili mzigo na msogeo vyote viwe huru kupanda au kushuka, na Mike Crisfield akaiweka mbinu hiyo katika umbo jepesi mwaka 1981. Kwa miundo ya chuma inayojikunja ilifanya maajabu. Kwa zege ilikwama mara nyingi, kwa kuwa urefu wa tao hupimwa kwa nodi zote, ilhali ufa unahusu nodi chache tu. René de Borst alionyesha mwaka 1987 kwamba afadhali kupima kufunguka kwa ufa pekee na kulifanya jambo hilo ndilo kiongozi. Maabara nazo hufanya vivyo hivyo: kipimo kidogo hufungwa kwenye mdomo wa ufa, na mashine huongozwa nacho ili sampuli isipasuke kwa kishindo.

Huko Delft, Jan Rots alichukua njia tofauti kabisa mwaka 2001. Kama marudio yanakwama, aliona, basi yaachwe. Mfano hutatuliwa kama wa mstari, elementi iliyo karibu kuliko zote na kupasuka hutafutwa, mzigo hupimwa kwa kiwango cha kuifikisha hapo hasa, ukakamavu wa elementi hiyo moja hupunguzwa kwa kidato, na hesabu huanza upya. Ukakamavu hauwi hasi kamwe. Hakuna cha kutulia, kwa hiyo hakuna kinachoshindwa kutulia. Bei yake ni maelfu ya hesabu za mstari kwa boriti moja, ingawa kila moja hutofautiana na iliyotangulia kwa elementi moja tu, na mgawanyo wa zamani waweza kutumiwa tena. Kwa kuta za matofali na boriti zenye nyufa za ghafla, ambako Newton hukwama hatua baada ya hatua, njia hii imethibitisha kwamba polepole isiyosimama inafika. Udhaifu wake huonekana pale mizigo miwili inapobadilika kwa nyakati tofauti, kama uzito wa jengo ukifuatiwa na tetemeko; hapo kupima mzigo upya huwa kugumu.

Hakuna mojawapo ya mbinu hizi inayoweza kulinganishwa kwa haki kama wavu haujawekwa sawa. Ufa wa kompyuta hupenda kukaa katika safu moja ya elementi, na elementi zikiwa ndogo nishati inayoliwa hupungua hata zege lionekane kama kioo. Zdeněk Bažant na Byung Oh walitoa dawa mwaka 1983: kasi ya kani kupungua irekebishwe kulingana na upana wa elementi, ili nishati ya ufa ibaki ileile. Ulinganisho wa vitatuzi usiotaja jambo hili haufai kuaminiwa.

Wakati wenyewe

Mlipuko, kishindo cha jiwe kwenye ukuta wa kinga au gari kugonga nguzo ya daraja ni kazi ya vitatuzi vya aina nyingine, vinavyosonga mbele katika wakati kwa hatua ndogondogo bila kutatua matriksi yoyote. Mwendo wa kila nodi hukokotolewa kutokana na kani za hatua iliyopita. Sharti lake lilielezwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928: hatua ya muda isizidi muda ambao wimbi hutumia kuvuka elementi moja. Ndani ya zege wimbi husafiri kama mita 3,500 kwa sekunde, kwa hiyo elementi ya milimita 10 inadai hatua isiyozidi takriban mikrosekunde 2.8, yaani sekunde moja ikigawanywa mara zaidi ya 350,000. Kwa kishindo cha sekunde 0.005 hatua hizo ni kama 1,800 tu, na hakuna mbinu inayoshindana na hii. Kulegea kwa zege hakuisumbui, maana haina matriksi ya kuharibika.

Wapo wanaoitumia hata kwa majaribio ya polepole, kwa kuharakisha mzigo au kuongeza uzito wa elementi ili hatua ziwe ndefu. Inawezekana, mradi nishati ya mwendo ibaki sehemu ndogo sana ya nishati inayohifadhiwa katika kurefuka kwa zege. Bila ukaguzi huo, nguvu inayoonekana kwenye mchoro huenda ni ya mwendo wa uzito na si ya zege.

Joto la saruji inapoganda lina hesabu nyepesi zaidi, ila ni la muhimu kwa zege nene kama la Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, maana ndani hupata joto na nje hupoa, na tofauti hiyo hupasua. Mbinu isiyotatua matriksi ingelazimika kwenda kwa hatua za sekunde 17 hivi kwa elementi za sentimita moja. Kwa siku 28 ni hatua zaidi ya 140,000. Mbinu inayotatua matriksi kila hatua huweza kwenda kwa saa nzima na kumaliza kwa hatua 672. Mbinu ya Crank na Nicolson ya mwaka 1947 ni sahihi zaidi kwa hatua fupi, lakini hatua zikirefuka hutoa majibu yanayopanda na kushuka kwa uongo. Mbinu rahisi ya Euler ya kurudi nyuma hubaki tulivu.

Kipimo cha haki

Ulinganisho mzuri wa vitatuzi hutumia wavu uleule, sheria ileile ya ufa, kompyuta ileile na kiwango kimoja cha kosa linalokubalika. Jambo la mwisho ndilo linalokiukwa mara nyingi. Kitatuzi kinachoridhika na masalio ya asilimia 1 kitaonekana chepesi kuliko kinachodai sehemu moja ya milioni, na katika zege kosa la hatua moja hurithiwa na hatua zote zinazofuata, kwa sababu ufa uliohesabiwa vibaya haufutiki. Idadi ya marudio nayo si kipimo, maana rudio la Newton na rudio la gradienti konjugeti hayana gharama moja. Kinachofaa kuripotiwa ni muda, kumbukumbu, idadi ya hatua zilizoshindwa, na mchoro mzima wa mzigo na msogeo, ukiwemo upande wa kushuka.

Vitatuzi viwili vizuri vinaweza pia kutofautiana bila kimojawapo kukosea. Sampuli yenye mikato miwili inayofanana kila upande inaweza kupasuka upande wowote, na tarakimu ya mwisho iliyokatwa na kompyuta ndiyo inayoamua. Katika hali hiyo inafaa mfano uendeshwe mara kadhaa, nguvu ya zege ikibadilishwa kidogo kutoka elementi hadi elementi, kama ilivyo katika zege halisi.

Na kitatuzi kinaweza kuwa sahihi kabisa huku jibu likiwa baya. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama karibu na Stavanger, Norway, wakati wa kuujaribu kwa kuushusha majini. Milinganyo ilikuwa imetatuliwa bila kosa. Elementi ndizo zilizokuwa pana na zenye maumbo mabaya pale kuta za seli, yaani vyumba vya msingi huo, zinapokutana, na mkazo wa kukata ukakadiriwa chini kwa asilimia 47. Kuta zikawa nyembamba na nondo zikawa pungufu. Hesabu iliyorudiwa kwa uangalifu baada ya ajali ilionyesha kuwa ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umeshindwa kwenye mita 65. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700.

Kwa mhandisi au mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, zana za kufanya ulinganisho huu zipo bila malipo. Code_Aster ya kampuni ya umeme ya Ufaransa, OpenSees ya Berkeley, CalculiX, na OOFEM iliyokuzwa katika chuo kikuu cha ufundi cha Prague zinaruhusu kubadilisha kitatuzi kwa mstari mmoja au miwili ya maagizo. Kwa fremu, slabu na kuta, ashike kitatuzi cha moja kwa moja pamoja na Newton. Kwa picha za ndani ya zege, atumie gradienti konjugeti, kwa elementi au kwa mawimbi. Kwa ufa mmoja mkubwa, aongoze kwa kufunguka kwa ufa, na Newton ikigoma ageukie njia ya Rots. Kwa vishindo, asonge mbele bila matriksi. Na kabla ya kuamini mchoro wowote, apunguze upana wa elementi kwa nusu na kuendesha hesabu tena.